Sehemu ya 4: "Nitakuuza Pangani"

Leo nimetoka zamu ya asubuhi, watoto wamelala, chai iko pembeni. Wengi mliniuliza kwenye sehemu ya 3 kama kweli tulikwenda Pangani. Ndiyo, tulikwenda. Post ni ndefu, kwa hiyo isome kidogo kidogo hata ukiwa unanyonyesha.

Ilianza hivi. Rafiki yangu tuliyesoma naye uuguzi sasa anafanya kazi Uingereza. Siku moja akanitumia picha za mji mdogo unaoitwa Ludlow. Una ngome ya mawe ya karibu miaka elfu moja, na mbele ya lango la ngome kuna uwanja wa soko. Watu bado wanauza mboga, mikate na maua pale pale walipouzia mababu zao. Akaniandikia, "Shoga, huku wanapeleka watoto kuangalia soko la zamani kama sisi tunavyopeleka watoto kuangalia simba."

Nikafurahi, halafu nikajiuliza. Wanangu wamezaliwa Korogwe na wanakulia hapa Kilole. Mji wa soko wa zamani wa kwetu sisi ni upi? Nikakumbuka maneno ya bibi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzigua wa upande wa Handeni. Tukigoma kuchota maji, au tukimwaga unga, alikuwa anasema, "Nitakuuza Pangani wewe!" Tulikuwa tunacheka. Hakuna aliyeogopa, maana bibi huyo huyo ndiye aliyekuwa anatufichia ukoko. Nilikua na hilo neno mdomoni, na nikaja kulisema kwa wanangu bila kufikiri. Sijawahi kumwuliza bibi kwa nini Pangani. Kwa nini asiseme Tanga, au Dar es Salaam?

Basi likizo ya Desemba tukafunga safari: mimi, baba yao, binti yangu wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 5. Tulipanda basi Korogwe, tukapita Segera na Hale, tukashuka Muheza, tukatafuta gari la Pangani. Kabla hujasafiri na watoto njia hiyo, beba maji ya kutosha, kofia, nguo za kubadilisha na paketi mbili tatu za ORS. Kule ni pwani, joto halina utani. Na mkilala, hakikisheni kuna chandarua.

Njiani nilimweleza binti yangu kitu kilichomshangaza. Mto tunaouona hapa Korogwe, ambao wazee wengi wanauita Ruvu, ndio huo huo unaoitwa Pangani. Unaanzia maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita kwetu, unashuka Hale ambako umeme unazalishwa tangu 1964, halafu unaingia baharini kwenye mji wenyewe wa Pangani. Akaniambia, "Kwa hiyo mama, nikitupa kijiti Korogwe kinafika Pangani?" Nikamwambia kisipokwama, kinafika.

Na hivyo ndivyo watu na mali walivyofika.

SOKO LENYEWE LILIKUWAJE?

Miaka ya 1800 Pangani haikuwa mji wa pembeni kama tunavyouona leo. Ilikuwa mdomo wa njia kubwa ya misafara. Watu walipanda kufuata bonde la mto, wakapita maeneo haya ya Korogwe, wakapita Mazinde, Upare, mpaka Kilimanjaro na Umasaini. Walipopanda walibeba vitambaa, shanga, nyaya za chuma na shaba, baadaye na bunduki na baruti. Waliposhuka walibeba pembe za ndovu. Mji uliishi kwa msafara: wapagazi walitafutwa pale, chakula kilinunuliwa pale, mikopo ilitolewa na wafanyabiashara wa Kihindi pale pale, na majahazi yalipakia mizigo kwenda Unguja.

Unajua kitambaa cha merikani? Jina lile si la bure. Kilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, Marekani, kikaletwa Unguja kwa meli, kikafika Pangani, kikapanda huku kwetu. Na pembe zilizoshuka ziliishia Marekani na Ulaya, zikachongwa vibonyezo vya piano na mipira ya kuchezea biliadi. Kwa hiyo msidhani bibi zetu walikuwa nje ya dunia. Dunia ilikuwa inapita mlangoni kwao.

Wazungu waliotaka kuijua bara walipita njia hiyo pia. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipanda kutoka Pangani hadi Vuga, Usambara, kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai. Hiyo ilikuwa kabla hawajaanza safari yao maarufu ya kwenda Ziwa Tanganyika.

Sasa, kama nesi, kuna kitu sikuweza kukiruka. Njia inayopitisha mali inapitisha na ugonjwa. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka na misafara kutoka Umasaini hadi Pangani, na mwaka haujaisha kikawa kimevuka bahari hadi Unguja, ambako kiliua maelfu. Tunalijua hilo kwa sababu daktari mmoja Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Unguja, James Christie, aliwahoji wafanyabiashara mmoja mmoja, akafuatilia ugonjwa kituo kwa kituo kurudi nyuma, na mwaka 1876 akatoa kitabu. Ndicho tunachofanya hospitalini leo mgonjwa wa kuharisha anapoletwa: umetoka wapi, umekunywa maji gani, umekula na nani. Kwa hiyo mama, nesi akikuuliza maswali mengi, usikasirike. Hatupekenyui mambo yako, tunatafuta njia ugonjwa ulikopitia.

NA WATU JE?

Tulifika Pangani mchana. Tukala samaki wa kukaanga, watoto wakanywa madafu, tukatembea. Kijana mmoja wa pale akatutembeza. Tukaona Boma, jengo kubwa lenye milango ya kuchonga. Tukaona jengo la zamani la forodha. Tukapita mtaa wa maduka ya Wahindi, nyumba zenye baraza na roshani ambazo nyingine zimechoka kabisa, mpaka miti imeota ukutani. Ng'ambo ya mto tukaona Bweni, na kivuko kinakwenda na kurudi na watu, pikipiki na matenga.

Halafu kijana akatuonyesha jengo bovu karibu na mto. Akasema, hapa watumwa walikuwa wanawekwa wakisubiri majahazi.

Binti yangu akaniangalia. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, ni hapa ulipotaka kuniuza?"

Jamani. Nimekaa wodini miaka kadhaa, nimeona mengi, lakini swali lile lilinikata miguu. Baba yao akatazama mtoni. Kijana aliyetutembeza akajifanya hajasikia. Mimi nikasema, "Hapana mwanangu, mama alikuwa anatania." Lakini nilijua jibu halijatosha, maana hata mimi nilikuwa nimeelewa dakika ile ile. Bibi hakutunga. Yeye alirithi maneno hayo kutoka kwa mtu ambaye hayakuwa utani kwake.

Ngoja niwaeleze.

Miaka ya 1830 nchi ya Uzigua, yaani Handeni yetu na maeneo yake, ilipigwa na njaa kali sana. Mvua zilikataa, ghala zikaisha. Watu walianza kushuka pwani kutafuta chakula. Wengine walijiuza wenyewe ili wale. Wengine waliwatoa watoto wao kwa nafaka. Naomba usisome hilo haraka. Fikiria una watoto wanne, mdogo ameshavimba miguu na nywele zimebadilika rangi, ile hali sisi tunaiita kwashiorkori, na mtu anakuambia nipe mmoja, hawa watatu watakula. Mama yule hakuwa na roho mbaya kuliko wewe na mimi. Alikuwa amefika mwisho.

Wengi walipelekwa Unguja. Wengine walivushwa mbali zaidi, mpaka pwani ya Somalia. Masimulizi yaliyohifadhiwa na wazao wao yanasema baadhi hawakujua kama wanauzwa. Waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapanda majahazi kwa miguu yao, wakashtuka wako Barawa wana mabwana.

Njaa ikapita, mvua zikarudi, lakini biashara haikuisha. Kimweri alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya 1860, wanawe na wajukuu wake walianza kupigana wao kwa wao. Semboja, mmoja wa wanawe, alikaa Mazinde, pale chini kwenye njia ya misafara, akapata bunduki kwa urahisi. Vita vikazaa mateka, mateka wakashushwa Pangani. Washambaa, Wabondei, Wazigua, Wapare, hakuna kabila la huku ambalo halikuguswa. Ndiyo maana baadhi ya watu wa kando ya mto waliishi kwenye visiwa vya mtoni, ili adui asiwafikie kirahisi usiku.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja, kwa shinikizo la Waingereza, alisaini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Unaweza kudhani hapo ndipo mwisho. Wala. Pangani ilikuwa na mashamba ya miwa kando ya mto, na mashamba yalitaka mikono. Watu ambao hawakuvushwa baharini walibakizwa hapo hapo kufanya kazi ya sukari. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hesabu vizuri: mtoto aliyezaliwa mwaka ule angekuwa na umri wa bibi yake bibi wa watoto wetu. Si zamani za kale.

MWANAMKE ALIYEWAONGOZA

Nisiwaache na huzuni tupu. Wale Wazigua waliopelekwa Somalia, wengi walitoroka. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, kwamba ndiye aliyewaongoza kutoka utumwani, nia yao ikiwa kurudi nyumbani Uzigua. Hawakufika. Njia ilikuwa ndefu mno, wakaweka makazi kwenye misitu ya mto Juba, wakalima, wakazaa. Na mama zangu, sikilizeni hili: walizungumza Kizigua na watoto wao. Kizazi baada ya kizazi, katika nchi ya lugha nyingine, mama akimbembeleza mtoto kwa lugha ya Handeni.

Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, sehemu ya wazao hao walikimbia. Wengine walifika Tanzania, wakapokewa Handeni, Mkuyu na baadaye Chogo, na serikali ikawapa wengi wao uraia. Zaidi ya miaka 150 baada ya njaa ile, watu walirudi Uzigua wakiongea lugha ambayo mimi mjukuu wa Mzigua naielewa nusu nusu. Nilipolijua hilo niliona aibu. Mtoto wangu anajua katuni zote kwa jina, lakini hajui kuamkia kwa Kizigua.

KWA NINI SOKO LILIHAMA

Binti yangu aliuliza tena, "Sasa mbona mji wenyewe umelala?"

Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilikuja kuchukua forodha za pwani, ikapandisha bendera yake Pangani. Afisa wao, Emil von Zelewski, aliwadharau watu wa mji, na mji ukawaka. Bushiri bin Salim akaongoza upinzani, ukaenea pwani nzima. Wajerumani walileta jeshi chini ya Wissmann, wakamkamata Bushiri, wakamnyonga Pangani Desemba 1889. Bushiri mwenyewe alikuwa na mashamba ya miwa na watumwa, kwa hiyo hadithi ya ukombozi wetu haina watu weupe pee. Na Zelewski? Ndiye yule aliyeuawa na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo mwaka 1891.

Lakini kilichoilaza Pangani hasa ni reli. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ilifika Muheza 1896, ikafika hapa Korogwe 1902. Mzigo uliokuwa unabebwa kichwani siku nyingi kwenda Pangani sasa ukapanda behewa kwenda Tanga. Soko likahama. Likaja, kwa sehemu, kwetu.

Hata mkonge tunaouona njia nzima ulipitia kule. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Kati ya miche elfu moja, iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba yote ya Korogwe, na babu zetu waliokuja kukata mkonge kutoka mikoa ya mbali wakaoa huku, mizizi yake ni ile miche 62.

NILICHOMJIBU

Usiku ule, ndani ya chandarua, mdogo amelala, nilimwambia binti yangu ukweli. Nilimwambia kulikuwa na njaa, na wazazi waliishiwa, na watu wenye mali wakaigeuza njaa kuwa biashara. Nikamwambia kosa lilikuwa la aliyeweka bei kwa mtoto, na si la mtoto, na kwa mama mwenye njaa tusiwe wepesi kuhukumu. Nikamwambia, "Mimi sitakuuza, na sitasema tena." Akanyamaza kidogo, akauliza, "Hata nikivunja kikombe?" Nikasema hata ukivunja vyote. Akasema, "Basi na ile ya nesi atakuchoma sindano usiseme."

Ha! Hapo nikacheka, lakini tulizungumze. Mama zangu, kila siku wodini nasikia, "Nyamaza, nesi atakuchoma sindano." Mnatuharibia kazi. Mtoto anaanza kulia akiona sare nyeupe tu, na siku akiumwa kweli anaficha kwa hofu. Mtoto hana chujio la kutenganisha utani na ukweli. Binti yangu alibeba "nitakuuza Pangani" kwa miaka, akaja kuitoa pale pale penyewe.

Na la mwisho, hili si la kale. Njaa pamoja na ahadi ya kazi, mchanganyiko ule ule, bado unapita vijijini kwetu. Anakuja mtu amevaa vizuri, anasema namtafuta binti wa kusaidia kazi mjini, atasomeshwa, atatuma hela. Binti ana miaka 12. Wengine wanapata nyumba nzuri, sikatai. Wengine tunawapokea hospitalini wakirudi, na hayo siwezi kuyaandika hapa. Sheria ya kuzuia biashara ya usafirishaji wa binadamu ipo tangu 2008, na Sheria ya Mtoto tangu 2009 hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa. Ukiletewa ahadi ya namna hiyo, uliza jina kamili, uliza nyumba iko wapi, mpigie mwenyekiti wa kijiji, nenda ustawi wa jamii, omba namba na uipige mbele yake. Mtu mwema hatakasirika. Na kama jirani yako ndani hamna kitu mpaka anafikiria kumtoa mtoto, mpelekee unga kabla hujampelekea ushauri.

Pangani nendeni. Mji ni mzuri, watu wake wakarimu, na jua likizama pale mto unapokutana na bahari hutataka kuondoka. Onyesheni watoto Boma, wapandisheni kivuko, wanywe madafu. Halafu muwasimulie. Watoto wa Ludlow wanaambiwa ya ngome yao, wa kwetu waambiwe ya mto wao.

Sasa niambieni hapo chini: kwenu mlitishwa kwa maneno gani mkiwa wadogo? Na je, mliwahi kuuliza yalitoka wapi? Sehemu ya 5 nitaandika kuhusu ndui na chanjo zake za zamani, maana wengi mmeniuliza kuhusu kovu la bega la bibi zetu.

Lala salama. Nesi wenu, Kilole.